Nani anaruhusiwa kumkodisha mfungwa?

Mwaka 1907 wanaume wenye nguvu wa Usambara Magharibi waligawiwa kadi za kazi. Boma lilikuwa Wilhelmstal, mji uliopewa jina la Kaisari wa Ujerumani na ambao leo ni Lushoto. Masharti hayakuwa mengi. Ndani ya kila miezi minne, mwenye kadi alipaswa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30, kwa ujira uliokwisha kupangwa. Ambaye siku zake hazikutimia alichukuliwa kwa nguvu kwenda kwenye kazi za serikali. Hakuwa ameiba wala kumpiga mtu, na hakuna hakimu aliyemsikiliza. Alikuwa tu na afya njema, na aliishi mlima mmoja na mlowezi aliyekosa vibarua.

Naanza na kadi hiyo kwa sababu magereza binafsi yakitajwa kwetu, watu huyaona kuwa mambo ya Wamarekani: kampuni inajenga gereza, inaajiri walinzi wake, serikali inalipa kwa kichwa. Tanzania haina gereza la namna hiyo. Magereza yote ya Tanzania Bara yako chini ya Jeshi la Magereza, linaloongozwa na Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Kwa hiyo ni rahisi kusema hayatuhusu. Yanatuhusu, ila yanaingia kwa mlango mwingine, ule wa kazi ya mfungwa. Na ukiuchunguza mkataba wowote wa aina hii, uwe wa kitanda cha gerezani Arizona au wa shamba la miwa Morogoro, kifungu cha kutafuta kabla ya vingine vyote ni kile ambamo serikali inamwahidi mfanyabiashara idadi ya watu.

Tuibakize kadi mezani kidogo. Walowezi wa Usambara walikuwa na shida ya kweli. Milima ilikuwa na watu wengi, lakini Msambaa alikuwa na shamba lake: mahindi, migomba, maharage. Kodi aliweza kuilipa kwa kuuza mazao. Ujira wa mlowezi haukumvuta, na aliyetaka fedha aliweza kuteremka kutafuta kibarua mahali pengine, hasa baada ya reli kutoka Tanga kufika Mombo mwaka 1905. Mapema miaka ya 1890 kampuni za mashamba katika Usambara Mashariki zilifikia hata kuleta vibarua Wachina na Wajava, kutoka ng'ambo yote ile, kuja kulima kahawa milimani kwa watu waliokuwepo tayari. Katika soko la kawaida, mwajiri anayekosa watu hupandisha ujira mpaka watu waje. Kadi iliwaondolea walowezi wa Wilhelmstal ulazima huo.

Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Serikali haikumuuza mtu. Mwenye kadi alilipwa, na alirudi kwake jioni au mwisho wa zamu. Gavana wa wakati huo, Albrecht von Rechenberg, hakuwa kipenzi cha walowezi hata kidogo. Alishika madaraka mwaka 1906, Maji Maji ikiwa bado haijazimika, na alijua vizuri mahali ambapo kazi ya shuruti huifikisha nchi. Mwaka 1909 zikatoka kanuni za koloni zima kuhusu mikataba ya vibarua na uandikishaji wao. Lakini kadi za Usambara zilikwisha kufanya kazi ambayo hakuna mkataba wa hiari ambao ungeifanya: zilimhakikishia mlowezi kwamba watu watakuwepo, apandishe ujira asipandishe. Bei ya kazi ikakaa chini kwa sababu idadi ya wafanyakazi iliwekwa juu kwa amri.

Waingereza walipochukua nchi hawakuendelea na kadi, ila katika Vita Kuu ya Pili waliwaandikisha wanaume kwa nguvu na kuwapeleka kwenye mashamba binafsi, yakiwemo ya mkonge na ya mpira. Walijitetea kwa kusema ni vita, na vita ilikuwa imeachiwa nafasi katika sheria za kimataifa.

Sheria hizo za kimataifa ndizo zenye kifungu kinachotuhusu hapa. Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, ulipiga marufuku kazi ya shuruti. Uliandikwa wakati makoloni yakiwa yamejaa mifano kama ile ya Wilhelmstal, na walioujadili walijua wanazungumzia nini. Ukaacha milango michache wazi, mmojawapo ukiwa wa mfungwa: kazi anayofanya mtu kwa sababu amehukumiwa na mahakama haihesabiwi kuwa ya shuruti. Lakini mlango huo ukawekewa masharti mawili. Kwanza, kazi ifanyike chini ya usimamizi na mamlaka ya umma. Pili, mfungwa asikodishwe wala kuwekwa mikononi mwa watu binafsi, kampuni au vyama. Tanganyika iliridhia mkataba huo tarehe 30 Januari 1962, haijatimiza hata miezi miwili ya Uhuru.

Katiba yetu, katika ibara ya 25, nayo inakataza kazi ya shuruti na kuitoa nje ya katazo hilo kazi inayotokana na hukumu au amri ya mahakama. Inaishia hapo, haisemi lolote kuhusu kumkodisha mfungwa. Aliyekuja kulisema ni Bunge, mwaka 2004, tena ndani ya sheria ambayo watu wengi wangedhani haihusiani na magereza: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kifungu cha 6 kinafanya kazi ya shuruti kuwa kosa la jinai, kisha kinarudia masharti yale mawili ya mwaka 1930 karibu neno kwa neno. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sheria yetu ya magereza binafsi. Haina kurasa, haina kanuni zake. Ni sharti lililobanwa ndani ya aya ya sheria ya kazi.

Sharti hilo linastahili kusomwa polepole, kwa sababu mahali linapokosewa ni palepale nusu zake mbili zinapounganishwa na neno «na». Chukulia mkulima wa Lukozi mwenye ekari kadhaa za viazi. Mvua inakaribia, vibarua wamepanda bei, lori la mnunuzi linasubiri. Anakwenda kwa mkuu wa gereza: «Afande, nipatie watu kumi nimalize kuvuna.» Analipa ofisini na kupewa risiti. Asubuhi linakuja gengi la wafungwa katika sare za rangi ya chungwa, nyapara mbele, askari nyuma na silaha yake. Ukihoji, jibu litakuwa: askari si yupo? Yupo, na sharti la kwanza limetimia. La pili halijatimia, kwa sababu viazi ni vya mkulima, faida ni ya mkulima, na watu kumi wamewekwa kwenye shughuli ya mtu binafsi kwa malipo. Kuwepo kwa askari hakulifuti hilo. Risiti nayo hailifuti; inathibitisha tu kwamba fedha haikuliwa.

Gengi hilohilo likipanda miti pembeni mwa barabara ya halmashauri au kuchimba mtaro wa shule, hakuna tatizo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ilijengwa juu ya msingi huo: mtu ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu anaweza kutumikia adhabu akiwa nje, kwa kufanya kazi bila malipo kwa manufaa ya umma. Mahakimu wanaotoa amri za namna hiyo, na makarani wanaoziandika, wengi wamepita kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo hapahapa Lushoto. Ni mahali pazuri pa kulifundishia somo hili, maana mfano wa darasani uko chini ya miguu yao.

Sasa twende kwa Wamarekani, kwa kuwa wao wamekwisha kuandika mikataba hii na kuijutia kwa njia nyingi. Kampuni ya Corrections Corporation of America, siku hizi CoreCivic, ilianzishwa mwaka 1983 huko Tennessee. Miaka mitatu baadaye bunge la jimbo hilohilo likapitisha sheria ya kudhibiti mikataba ya magereza binafsi, na ni sheria yenye busara kuliko watu wanavyoikumbuka. Ilitaka kampuni ithibitishe kuwa itaiokolea serikali gharama. Kisha ikaorodhesha mambo ambayo mkataba hauwezi kumkabidhi mkandarasi hata serikali ikitaka: kukokotoa tarehe ya mfungwa kuachiwa, kumpa au kumnyang'anya siku za msamaha, kuamua aina ya kazi atakayofanya. Waliotunga waliona mbali. Anayelipwa kwa kila siku ambayo mtu yuko ndani hapaswi kuwa ndiye anayehesabu siku.

Ila walichokiona kwenye kalenda hawakukiona kwenye vitanda. Mikataba iliyofuata katika majimbo mengi ilianza kubeba dhamana ya gereza kujaa: serikali iahidi kwamba asilimia fulani ya vitanda itakuwa na watu, na isipofikia, ilipie vitanda vitupu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 na shirika la In the Public Interest ulikuta dhamana hizo zikiwa kati ya asilimia 80 na 100, na baadhi ya mikataba ya Arizona ilifikia mia kamili. Uhalifu ukipungua, mlipa kodi anaendelea kulipa. Mbunge anayefikiria kupunguza vifungo vifupi anaambiwa na mhasibu wake kwamba haitaokoa hata senti. Ni kadi ya Wilhelmstal kwa lugha ya benki: idadi inaahidiwa kwanza, watu wanatafutwa baadaye.

Majimbo mengine yaliamua kufunga mlango kabisa. Illinois ilifanya hivyo mwaka 1990. California ilipitisha sheria yake mwaka 2019, ikakwama mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliposema jimbo haliwezi kuizuia serikali kuu kuingia mikataba ya vituo vya kuwashikilia wahamiaji. Na huko serikali kuu sera inageuka kila Ikulu inapobadilisha mwenyeji: Biden aliagiza mwaka 2021 kwamba wizara ya sheria isihuishe mikataba ya magereza binafsi, Trump akaifuta amri hiyo Januari 2025. Israeli ilitoa jibu la tofauti. Mwaka 2009 Mahakama yao Kuu iliibatilisha sheria iliyoruhusu gereza binafsi moja, kwa hoja kwamba kumweka mtu chini ya mamlaka ya kampuni inayotafuta faida kunaudhalilisha utu wake, hata gereza lenyewe liwe safi kiasi gani. Katiba yetu nayo, ibara ya 13, inataka heshima ya mtu itunzwe hata katika utekelezaji wa adhabu, na sioni kwa nini wakili wa Kitanzania asijenge hoja kama hiyo siku ikilazimu.

Jirani wa karibu zaidi kwa hili ni Afrika Kusini. Sheria yao ya mwaka 1998 ina sura nzima kuhusu magereza yanayoendeshwa kwa mkataba, na magereza mawili yalijengwa: Mangaung, Bloemfontein, lililofunguliwa mwaka 2001, na Kutama Sinthumule mwaka uliofuata. Mikataba ilikuwa ya miaka 25. Sheria ile inaipa serikali haki ya kuingia na kuchukua uendeshaji mambo yakiharibika, na Oktoba 2013 ilifanya hivyo Mangaung baada ya kampuni ya G4S kushindwa kulidhibiti gereza, kisha mwaka 2014 ikalirudisha kwa kampuni hiyohiyo. Mei 2022 mfungwa wa kifungo cha maisha, Thabo Bester, alitangazwa kufa kwa moto ndani ya chumba chake. Mwili ule haukuwa wake. Aprili 2023 alikamatwa akiwa hai, na aliyemkamata alikuwa polisi wa Tanzania, mjini Arusha. Wanaosema magereza binafsi hayatuhusu wakumbuke angalau hilo.

Naitaja Mangaung kwa sababu ya muda wa mkataba kuliko kwa sababu ya sinema ya kutoroka. Afrika Kusini ilikuwa na sheria, wakaguzi waliokaa ndani ya gereza na haki ya kuingilia kati. Bado ilifungwa kwa robo karne na mkataba ambao kuuvunja kulikuwa na bei yake. Sheria nzuri iliyoandikwa kandokando ya mkataba mrefu hubaki ikiomba ruhusa.

Turudi nyumbani. Magereza yetu yamekuwa yakizalisha tangu zamani: mahindi, mifugo, samani, ujenzi. Shirika la kibiashara la Magereza, ambalo leo linajulikana kama SHIMA, lina mizizi katika sheria ya mwaka 1974. Julai 2018, Rais Magufuli akimwapisha Kamishna Jenerali mpya, alisema wazi kwamba wafungwa wafanye kazi usiku na mchana na kwamba ni aibu taifa kuwalisha watu wenye nguvu zao. Kauli ile ilipigiwa makofi na wengi, na siwalaumu wote; hakuna kinachomharibu mfungwa kama kukaa bure, na fundi aliyejifunza useremala katika gereza la Maweni ana nafasi nzuri zaidi akitoka kuliko aliyejifunza bao.

Kilichobadilika miaka ya karibuni ni washirika. Gereza la Karanga mjini Moshi lina kiwanda cha bidhaa za ngozi kinachoendeshwa kwa ubia na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF. Mbigiri, Morogoro, ardhi ya Magereza imekuwa sehemu ya mradi wa sukari wa kampuni ya Mkulazi, ambamo mfuko mwingine wa hifadhi ya jamii, NSSF, ndio mwenye hisa mkubwa. Kuwepo kwa ubia si ushahidi wa kosa. Kampuni hizi zina waajiriwa wao wa kawaida, na fedha za wastaafu kuwekezwa kwenye kiwanda si dhambi. Swali ni la kisheria tu. Mfungwa akiingizwa kazini kwenye kampuni ya namna hii, amewekwa mikononi mwa mtu binafsi au bado yuko kwa umma?

Wapo watakaojibu haraka kuwa mifuko ni ya umma, basi. Jibu hilo naliona jepesi mno, na mfano wa kulipimia uko Bumbuli. Kiwanda cha chai cha Mponde, baada ya wakulima kukifunga mwaka 2013 kwa mgogoro na mwekezaji, kilirudi serikalini na kisha kikawekwa kwenye kampuni inayomilikiwa na mifuko ya umma, PSSSF na WCF. Mkulima wa Mponde anaiuzia kampuni hiyo majani mabichi na kugombana nayo juu ya bei kama angegombana na kampuni yoyote. Wafanyakazi wake wanadai haki chini ya sheria ileile ya 2004. Hakuna anayesema mchuma chai wa Mponde anatumikia taifa. Inauza, inashindana, inatafuta faida. Ikiwa Mponde ni kampuni, basi na kampuni iliyojengwa kando ya gereza ni kampuni, hata kama mwenye hisa ni mfuko uleule. Mkataba wa 1930 nao ulisema «kampuni» bila kuuliza mwenye hisa ni nani.

Hilo halimaanishi kiwanda cha Karanga kifungwe. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, katika mapitio yao ya mwaka 2007, walieleza njia: mfungwa anaweza kumfanyia kazi mwajiri binafsi ikiwa ameridhia mwenyewe bila kutishwa, na ikiwa masharti ya kazi yanakaribia yale ya mfanyakazi huru, yaani ujira wa maana, usalama kazini, bima. Ridhaa ya mtu aliye nyuma ya ukuta ni jambo gumu kuliamini, kwa hiyo wao wanaipima kwa ujira: mtu anayelipwa karibu na kiwango cha nje inaaminika kidogo kwamba alikubali. Kwetu hakuna sheria inayosema ridhaa hiyo iandikwe wapi, ujira uwe kiasi gani au uwekwe akaunti gani. Hapo ndipo Bunge lina kazi, na si kazi kubwa. Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2010 inasimamia ubia kwa jumla. Mfungwa anahitaji vifungu vyake mwenyewe, na mtu wa kuviandika anaweza kuazima orodha ya Tennessee ya mambo yasiyokabidhika.

Cha kwanza katika vifungu hivyo kingekuwa katazo la idadi: mkataba wowote unaoahidi mikono 200 shambani kila msimu uwe batili, maana msamaha wa Rais wa tarehe 9 Desemba, parole na amri za huduma kwa jamii zote huipunguza idadi hiyo, na serikali isijikute ikimwomba radhi mbia wake kwa kuwaachia watu. Cha pili, muda uwe mfupi. Cha tatu, mkataba uwekwe mezani bungeni kabla ya kusainiwa. Wakati hayo yakisubiriwa, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana mamlaka ya kuisoma mikataba ya SHIMA iliyopo leo, na ripoti yake husomwa hadharani kila mwaka. Kuitafuta humo ahadi ya idadi ni kazi ya siku chache kwa mkaguzi mmoja.